Kabureta ya Mtambo Mkuukuu wa Mashua

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa Kitale mbele ya mafundi, wavuvi na wenye mashua.)



Nimeombwa niseme nanyi jioni hii juu ya kabureta ya mtambo wa mashua. Yamkini wako walioketi nyuma wanaojiuliza, "Kitale ina bahari gani?" Ni kweli, hapa tuna mashamba ya mahindi, na Mlima Elgon, na reli iliyofika mwaka 1926, bahari hatuna. Lakini mnajua nyote ya kuwa barabara iendayo Kapenguria, ikashuka Marich hata Lodwar na Kalokol, hupita mlangoni petu. Samaki wakavu wa Ziwa Turkana, lile lililoitwa Rudolf hadi mwaka 1975, hupanda kwa barabara hiyo kuja sokoni kwetu. Na mtambo wa mashua unapokataa kuwaka huko chini, mara nyingine hupandishwa lori pamoja na samaki, ukaletwa kwa mafundi wa hapa.

Mimi si fundi. Mimi ni mfasiri. Kazi yangu ni kutia maneno ya Kiingereza katika Kiswahili. Nitawaeleza jinsi nilivyoingia katika mambo ya kabureta, nanyi mtaona kwamba sentensi moja iliyoachwa yaweza kumlaza mtu ziwani.

MTAMBO WENYEWE

Mzee mmoja mvuvi alimletea fundi jirani yangu mtambo wa British Seagull. Mitambo ya namna hiyo ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1931, na kazi hiyo ikakoma mwaka 1996. Haina makuu: silinda moja, tangi dogo juu, kamba ya kuvutia, na kabureta ubavuni. Mtambo wa mzee ulikuwa umelala ghalani miaka mingi, na petroli ya zamani imo ndani yake bado. Fundi alipata kitabu cha Kiingereza cha mambo ya kabureta, akaniomba nimfasirie. Nikakubali kwa furaha, nami nikawa mshika taa wake siku zote za kazi ile.

Kabureta ni chombo cha kuchanganya petroli na hewa. Petroli iliyo maji haiwaki vema ndani ya silinda. Shurti ipulizwe iwe kama ukungu. Pistoni inapovuta, hewa hupita kwa kasi katika koo jembamba la kabureta, na kasi hiyo huifyonza petroli kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Wilhelm Maybach wa Ujerumani ndiye aliyetengeneza kabureta ya namna hiyo ya kunyunyiza mwaka 1893, na mwaka 1909 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyehamia Marekani, akaanza kutengeneza mitambo yake ya kufungwa nyuma ya mashua. Tangu hapo mengi yamebadilika, lakini kanuni ile haikubadilika.

KUIFUNGUA

Kwanza tulitoka nje penye upepo, mbali na jiko na sigara. Tukafunga koki ya petroli, tukapangusa mchanga wote uliokuwa nje ya kabureta, tukatandika kitambaa cheupe mezani. Kila kipande kilichotolewa kililazwa kitambaani kwa taratibu ya kutoka kwake, cha kwanza kushoto na cha mwisho kulia. Mwenye kufuata desturi hii hatabaki na skrubu mkononi asiyojua mahali pake.

Tulipofungua kikombe cha chini tulikuta utomvu wa rangi ya asali, umegandamana. Hiyo ndiyo petroli iliyozeeka. Sehemu nyepesi hupaa, na nzito hubaki zikawa kama gundi. Dawa yake ni kuloweka vipande katika dawa ya kusafishia kabureta na kusugua kwa mswaki laini. Msasa usiutumie, wala kisu.

Ndani ya kikombe mna boya dogo la shaba. Boya huelea juu ya petroli. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano ifunge njia. Petroli ikipungua, boya hushuka, njia ikafunguka. Fundi alilitikisa boya sikioni pake, akasikia maji yanacheza ndani. Boya lilikuwa limetoboka! Boya lililoingiwa na petroli ni zito, halipandi inavyopasa, na kabureta hufurika daima.

Ili kulipata tundu, alilitia boya katika maji ya moto yaliyokwisha kuondolewa jikoni. Mapovu yakatoka mahali pamoja, naye akapatia alama. Kisha akalingoja siku mbili kamili hata petroli yote iliyokuwamo ikatoka. Nakuombeni mkumbuke jambo hili: anayetia lehemu katika boya lenye mvuke wa petroli ameshika bomu mkononi. Lehemu nayo ilikuwa tone dogo tu, maana ikizidi, boya linakuwa zito tena, na kimo cha petroli hupanda katika kikombe.

Sindano ya boya ilikuwa na duara lililochimbika nchani kwa kukaa miaka mingi mahali pamoja. Ya namna hiyo haizibi tena; ikabadilishwa.

Kisha jeti. Fundi aliiinua kwenye mwanga, akaona nyota ndogo badala ya tundu kamili. Kijana mmoja aliyekuwapo akaleta upesi waya wa chuma. Fundi akamzuia akasema, "Mwanangu, tundu hili limepimwa kiwandani. Ukilikwaruza kwa chuma umelipanua, nawe hutalirudisha." Akachukua uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, akaupitisha polepole, akapuliza, na nyota ikawa duara. Naam, mvuvi aliyebeba uzi wake mfukoni anayo pia dawa ya jeti yake.

Mwisho gasketi. Ile ya zamani ilikuwa imekauka na kupasuka. Akakata mpya kwa karatasi ya gasketi, akifuata alama za kipande chenyewe. Hewa ikipenya mahali isipopasa, mchanganyiko huwa na hewa nyingi kupita kiasi, na mtambo hupata joto la hatari.

OILI NA PETROLI

Mtambo huu hauna oili mahali pa peke yake. Oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Mitambo mingi ya siku hizi ya namna hiyo hutaka sehemu moja ya oili kwa hamsini za petroli. Lakini Seagull za zamani zilitengenezwa kwa sehemu moja kwa kumi, maana mhimili wake huzunguka katika bushi za shaba, nazo zataka oili nyingi. Mtu akimnywesha mkongwe huyu mchanganyiko wa vijana, amemwua. Moshi wake ni mwingi, na oili nyingine hubaki majini. Kwa hiyo isimwagwe hata tone moja ufuoni kwa uzembe.

Tena petroli iwe petroli. Mnajua ya kuwa wauzaji wengine huitia mafuta ya taa, hata mwaka 2018 Serikali ya Kenya ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuupunguza udanganyifu huo. Chujeni kila debe kwa kitambaa safi kabla ya kulimimina.

KOSA LANGU

Siku ya nane mtambo ulifungwa juu ya pipa la maji, maana mitambo hii hupozwa kwa maji, na kuuendesha mkavu ni kuuharibu. Kamba ikavutwa mara ya tatu, ukawaka! Watu wakapiga makofi. Lakini ulikohoa kidogo na kutoa moshi mzito, na plagi ilipotolewa ilikuwa nyeusi, imelowa. Hiyo ni dalili ya petroli kuzidi. Fundi akaishusha kidogo sindano ya jeti ili ipunguze petroli. Mtambo ukaimba, na plagi ikawa ya rangi ya kahawia, kama kitabu kilivyotaka. Mzee akalipa, akashukuru, akaenda zake Kalokol.

Baada ya majuma mawili alirudi. Hakugomba. Aliketi, akanywa chai, ndipo akatueleza. Wajukuu wake wawili walitoka na mashua alasiri, mtambo ukienda kwa nguvu zake zote. Walipokuwa mbali na pwani, uliongeza mbio kidogo kama uliofurahi, kisha ukanyamaza ghafula. Kamba haikuvutika tena. Pistoni ilikuwa imevimba kwa joto ikashikana na silinda. Kasia walikuwa nalo moja. Usiku ukavuma upepo wa kusini-mashariki, ule mnaoujua nyinyi mliofika huko, nao wakakesha wakikumba maji kwa sufuria. Alfajiri walitupwa ufuoni upande wa kaskazini, mbali na kwao, wakiwa hai kwa rehema ya Mungu.

Ziwa lile si la mchezo. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini, wala hawakuonekana tena hata leo.

Mzee akaniuliza mimi, si fundi, "Mwanangu, kitabu kile hakikusema neno?" Nikakifungua kitabu cha Kiingereza, nikasoma upya, nikaiona sentensi: ya kwamba mtambo ukihamishwa kutoka nchi ya juu kwenda nchi ya chini, au kutoka chini kwenda juu, shurti kabureta irekebishwe upya. Sentensi hiyo niliiacha kwa makusudi nilipokuwa nikifasiri. Nilidhani ni maneno ya watu wa ndege. Nilijiambia kuwa mvuvi hakai mlimani, basi ya nini kumchosha?

Naam, mvuvi hakai mlimani. Lakini fundi wake anakaa! Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Turkana liko kama mita 360. Hewa ya hapa kwetu ni nyepesi kuliko hewa ya kule kwa kadiri ya sehemu moja katika saba. Kwa sababu hiyo mtambo wowote huonekana hapa kama umeshiba petroli kupita kiasi. Fundi akipunguza petroli hata uimbe vema Kitale, basi ukishuka ziwani hukutana na hewa nzito, na petroli ile ile haitoshi tena. Mchanganyiko wenye hewa nyingi huwaka kwa joto kali, na ndio unaoufanya mtambo uongeze mbio kabla ya kufa. Tena petroli ikipungua, oili iliyomo ndani yake nayo imepungua, wakati ule ule pistoni inapoihitaji zaidi.

Nilimwambia mzee kwamba kosa si la fundi, ni langu. Akajibu, "Aliyekiri ameanza kutengeneza."

YATUPASAYO

Silinda ilisafishwa, pete za pistoni zikawekwa mpya, na sindano ikainuliwa ilivyokuwa kwanza. Safari hii fundi na mimi tulishuka pamoja na mtambo. Tuliufunga kwenye mashua karibu na ufuo, ukaendeshwa kwa nguvu zote muda mfupi, ukazimwa papo hapo, tukatoa plagi. Plagi nyeupe ni dalili ya petroli chache; nyeusi iliyolowa ni ya petroli nyingi; ya kahawia ndiyo njema. Na kama huna hakika, heri izidi petroli kuliko kuzidi hewa: ya kwanza ni moshi tu, ya pili ni kifo cha mtambo.

Basi nawaomba mambo matatu. Enyi mafundi, msimalize kazi ya kabureta hapa juu mkasema imekwisha. Fungeni kibandiko kwenye mtambo, mkiandika: "Umejaribiwa Kitale, urekebishwe ziwani." Enyi wavuvi, msiende mbali siku ya kwanza baada ya matengenezo, na kila siku chukueni makasia mawili, nanga, maji ya kunywa, plagi ya akiba, na jaketi la kuokolea kwa kila mtu. Nasi tunaofasiri tusichague kwa niaba ya msomaji lipi limfaalo na lipi lisimfae. Sentensi niliyoiona mimi kuwa haina kazi ndiyo iliyokuwa na wajukuu wawili wa mzee ndani yake.

Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Jeti ya kabureta ni ndogo kuliko mwiba, na sentensi ni nyepesi kuliko vyote viwili. Tusividharau.