Ramani ya Gari Ikikataa Kufanya Kazi: Ni Jukumu la Nani?

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi kuhusu haki za wanunuzi wa magari. Tunayachapisha kwa manufaa ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.

 

Leo sitazungumzia barabara wala maji. Nitazungumzia ile skrini iliyo mbele ya dereva, inayobeba redio, ramani na kamera ya nyuma. Huenda mtu akauliza serikali ya kaunti ina haja gani na redio ya gari. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la biashara, ikiwemo kuhakikisha kuwa biashara inafanywa kwa haki. Ulinzi wa watumiaji kwa jumla uko chini ya serikali ya kitaifa, lakini yadi ya magari iko mtaani kwetu, na mnunuzi ni mkazi wetu.

Bonasi ya majani chai ikiingia, kuanzia Githongo na Kionyo hadi Mungania na Rukuriri, kuna familia zinazonunua gari lao la kwanza. Wengine huongezea mkopo wa sacco. Gari lenyewe mara nyingi ni la mtumba kutoka Japani. Limetumika huko miaka kadhaa, kwa kuwa hapa Kenya haturuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza.

Ukiliwasha, mwanamke anaanza kukuongelesha Kijapani. Watoto hucheka na kusema gari linasalimia. Mara nyingi anachosema ni kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Skrini inaleta ramani, na ramani ni ya Japani. Redio inashika stesheni chache tu, kwa sababu masafa ya FM ya Japani huanzia 76 na kuishia 95, wakati yetu huanzia 87.5 hadi 108. Mnunuzi anavumilia. Baadaye betri inakufa, anaweka nyingine, na skrini inaandika maneno ya Kijapani yanayoitisha nambari ya siri au kadi ya ramani. Redio imejifunga. Katika baadhi ya magari kamera ya nyuma hufungwa pamoja nayo. Anarudi kwa yadi na kuambiwa, "Hayo ni mambo ya kampuni iliyotengeneza gari."

Je, ni kweli? Nitajibu kwa ufupi kwanza, kisha nieleze. Kwa gari jipya lililo ndani ya muda wa waranti, ndiyo, ni jukumu la mtengenezaji kupitia wakala wake hapa nchini. Kwa gari la mtumba, waranti ya mtengenezaji ilibaki Japani. Anayewajibika ni yule aliyekuuzia, kwa sheria na kwa yale aliyokuahidi, mradi uweze kuyathibitisha. Ndiyo maana kazi kubwa ya kujilinda hufanyika kabla ya pesa kutoka.

Tuanze na gari jipya. Ukinunua pikapu au basi jipya kutoka kwa wakala aliyeidhinishwa, unapewa kijitabu cha waranti. Kinataja muda wa miaka na kilomita, na kinachotangulia kufika ndicho kinachomaliza waranti. Kwa kawaida waranti hiyo inahusu kasoro ya vifaa au ya uundaji. Skrini ikizimika yenyewe, ikiganda, au ramani ikikuonyesha uko Chuka nawe umesimama Nkubu, hiyo ni kasoro ya kupeleka kwa wakala. Lakini ramani kutoionyesha barabara iliyofunguliwa mwaka jana kwa kawaida haihesabiwi kuwa kasoro; ramani hiyo imepitwa na wakati tu. Waranti pia haitakusaidia ikiwa fundi wa mtaani alikata nyaya ili akuwekee spika kubwa, au ikiwa gari halikupelekwa sevisi kama kijitabu kinavyoagiza.

Peleka lalamiko lako kwa maandishi, na ulipeleke kabla ya muda kuisha. Ukilalamika kwa mdomo mwezi wa 35 na waranti ni ya miezi 36, ukarudi mwezi wa 37, utakuwa huna la kuonyesha.

Na je, watengenezaji wamewahi kuwajibishwa kwa skrini zao? Ndiyo, ng'ambo. Mwaka 2013 wenye magari ya Ford kule California, Marekani, waliishtaki kampuni hiyo kwa sababu ya mfumo wake wa MyFord Touch, uliokuwa ukiganda na kuzimika pamoja na ramani na kamera. Kesi hiyo ilimalizika mwaka 2019 kwa makubaliano ya dola milioni 17. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani iliifanya Tesla iite magari takriban 135,000 yarudi kurekebishwa, kwa kuwa kifaa cha kumbukumbu ndani ya skrini kilikuwa kikichakaa mapema. Hoja iliyobeba uzito ilikuwa ya usalama: skrini ikifa, kamera ya nyuma inakufa nayo, na dereva anayerudi nyuma haoni mtoto aliyesimama hapo. Kwa hivyo msikubali kuambiwa kwamba skrini ni pambo.

Sasa turudi kwa gari la mtumba, ambalo ndilo wengi wetu tunanunua. Kuna mambo mawili ya kutenganisha. La kwanza ni kitu kibovu. La pili ni kitu kizima ambacho hakikutengenezewa nchi hii. Ramani ya Japani ndani ya gari la Japani si kasoro. Ilifanya kazi yake vizuri kule Osaka. Huwezi kumlaumu mtengenezaji kwa hilo. Lakini muuzaji wa hapa akikwambia, "Hii ramani inafanya kazi hadi Embu," nayo haifanyi, hapo si suala la Japani tena. Ni suala la muuzaji aliyekueleza lisilo kweli.

Sheria inasema nini? Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari zitakazomwezesha kufaidika nazo kikamilifu, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinacholingana na maelezo yake na chenye ubora wa kuuzika. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inaongeza kwamba haki hizo haziwezi kufutwa na mkataba. Yale maneno "gari limeuzwa jinsi lilivyo", yanayoandikwa chini kabisa ya karatasi ya yadi, hayamwondolei mfanyabiashara wajibu huo. Na Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa au kuhusu waranti yake.

Hata hivyo sheria hizi zina mipaka, na ni haki yenu kuijua. Kwanza, ukilikagua gari kabla ya kununua, huwezi kulalamika baadaye kuhusu kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Skrini iliyokuwa imepasuka siku ya kununua ni yako. Pili, ukinunua kwa jirani asiye mfanyabiashara wa magari, ulinzi wa sheria kuhusu ubora hupungua sana. Unabaki na yale aliyokuahidi. Tatu, ukiagiza mwenyewe kwa simu moja kwa moja kutoka Japani, aliyekuuzia yuko Yokohama au Nagoya, na kumleta mbele ya hakimu wa Meru ni safari ndefu. Ule ukaguzi wa lazima unaofanywa kabla gari halijapakiwa melini huangalia umri na ufaafu wa gari barabarani. Haukuhakikishii kwamba ramani itasoma Runyenjes.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, fanya haya.

Washa gari, weka gia ya rivasi, uone kama kamera inawaka. Fungua ramani, redio na simu, kimoja kimoja.

Uliza: kadi ya ramani iko wapi? Nambari ya siri ya kufungua redio ni ipi? Kama muuzaji hana, ajue na wewe ujue mapema.

Mwombe muuzaji achomoe betri mbele yako, asubiri dakika chache, kisha airudishe. Redio ikijifunga, imejifunga ikiwa bado mali yake. Jaribio hili halikugharimu chochote, na muuzaji anayelikataa amekupa jibu.

Kama unaagiza kupitia ajenti, itisha karatasi ya mnada pamoja na tafsiri yake. Huko Japani karatasi hiyo mara nyingi hutaja vifaa vilivyokuja na gari, ukiwemo mfumo wa ramani.

Mwisho, yote uliyoambiwa yaandikwe kwenye mkataba wa mauzo. Si lazima yawe maneno ya kisheria. "Skrini, redio na kamera ya nyuma zinafanya kazi, zikikwama ndani ya miezi 3, muuzaji atazirekebisha kwa gharama yake." Mstari huo, sahihi mbili na tarehe vinatosha kukupa mahali pa kuanzia. Muuzaji akikataa kuuandika, punguza bei kwa gharama ya kubadilisha skrini, au nenda yadi nyingine.

Na kama umeshanunua na tatizo limetokea?

Usikimbilie fundi wa kukata nyaya. Akishazikata, muuzaji atasema ni yeye aliyeharibu, na huenda hakimu akamwamini. Piga picha na video ya skrini ikionyesha maneno yale. Tunza risiti, mkataba, tangazo la gari na jumbe za WhatsApp mlizoandikiana. Kama tangazo liliandika "ramani na kamera zinafanya kazi", hilo ni ushahidi.

Mwandikie muuzaji barua. Eleza kasoro, taja tarehe uliyonunua, sema unataka nini: arekebishe, abadilishe, au arudishe sehemu ya pesa. Mpe muda unaofaa, kwa mfano siku 14. Baki na nakala yenye sahihi ya aliyepokea. Ikiwa alikudanganya ndipo ukanunua, Sheria ya Kulinda Watumiaji inakuruhusu hata kuvunja mkataba, lakini ni lazima utoe notisi ndani ya mwaka 1 tangu mlipokubaliana. Usikae ukisubiri.

Asipojibu, kuna milango mitatu. Afisi ya biashara ya kaunti inaweza kupokea lalamiko lako na kukuelekeza, ingawa kuamuru fidia ni kazi ya mahakama. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi waliodanganywa na ina uwezo wa kuchunguza. Na Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Hapo unaweza kujisimamia bila wakili, kanuni za ushahidi si kali kama kwingine, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu iwasilishwe. Ulizia katika kituo cha mahakama kilicho karibu nawe. Pale ambapo mahakama hiyo haijafika, madai hupelekwa kwa mahakama ya hakimu.

Wenye yadi mliopo hapa, sijaja kuwashtaki. Wengi wenu mnafanya biashara safi, na nyinyi pia huletewa magari yasiyo na kadi wala nambari. Ninachowaomba ni kumwambia mnunuzi ukweli. "Ramani hii ni ya Japani na haitafanya kazi hapa" ni sentensi fupi. Ukiisema na kuiandika, umejilinda wewe na umemlinda yeye, na atakuletea ndugu yake msimu ujao.

Nanyi viongozi wa sacco, mnapompa mwanachama mkopo wa gari, mnaangalia logibuku na bima. Ongezeni karatasi ya mauzo yenye maelezo ya hali ya gari, ikiwemo skrini. Mwanachama anayelipa mkopo kila mwezi huku akitafuta pesa ya kununua redio nyingine na kamera nyingine anaumia mara mbili.

Nimemaliza. Aliye na mkataba wa gari mfukoni au picha ya tangazo kwenye simu anaweza kuuleta mbele tuusome pamoja. Wengine, karibuni kwa maswali.