Jani Hutangulia Mzizi



Katika Jumapili hii ya tano ya Pasaka, Mwaka B, tunasomewa habari ya mzabibu na matawi yake, katika sura ya 15 ya Injili ya Yohana. Twasikia ya kuwa tawi lililotengwa na mzabibu hunyauka. Lakini wakulima wa Dodoma hupata mizabibu mipya kwa matawi yaliyokatwa. Tawi hilo laishije? Laishi kwa sababu yupo aliyelipokea.

Mkulima huchagua tawi lililokomaa, nene kama penseli, na kukata pingili ya sentimita 25 hadi 30 yenye macho matatu au manne. Chini huikata mkingamo, juu huikata mshazari, asije akaipanda kichwa chini. Huifukia theluthi mbili katika udongo mwepesi, huitilia kivuli, na kuimwagilia pasipo kuizamisha. Mkomamanga, mtini na mforosadi hupandwa vivyo hivyo nyumbani.

Baada ya majuma machache majani huchipua. Hapo ndipo wengi wetu hudanganyika. Majani hayo ya kwanza hulishwa na akiba iliyomo ndani ya pingili. Hayathibitishi kwamba mizizi imekwisha kushika. Aihamishaye juani siku hiyo huipoteza, na aing'oaye ili achungulie, huivunja mizizi michache iliyoanza.

Ndugu wapendwa, nyumbani mwetu mna pingili za namna nyingine: watoto waliofiwa na wazazi, wakapokelewa na bibi, shangazi au mjomba. Mtoto huja akisalimu vizuri na kucheka, nasi twasema amekwisha kuzoea. Kumbe huenda angali anaishi kwa akiba ya mapenzi ya mama yake. Siku akinyamaza, akikataa chakula au akikojoa kitandani, twamwambia hana shukrani. Twamkumbusha kwamba kwetu amekuja kwa hisani. Huko ndiko kumng'oa ili tuchungulie mizizi.

Tumpe kivuli na maji: sahani iliyo sawa na ya wenzake, kazi iliyo sawa na yao, daftari na sare kama zao, na muda. Tena tukumbuke kwamba pingili huzaa tunda la mti ilikotoka. Zabibu nyekundu haigeuki nyeupe kwa kuwa imehamia shambani mwetu. Basi tusimkataze kuwataja wazazi wake. Tulitunze jina la baba yake, na tuwaombee marehemu hao pamoja naye.

Mzabibu hauzai siku ulipopandwa. Mkulima hungoja mwaka mmoja, miwili, hata mitatu, naye haoni haya kungoja. Juma hili, kila mmoja wetu amtazame mtoto aliyepokelewa nyumbani mwake au kwa jirani, asimwulize lolote, amwongezee maji kidogo.

Mungu Baba, aliye Mkulima wetu sote, atujalie subira hiyo. Amina.