Kibanda Kabla ya Duka

Msimu wa ndengu ukifika, mji wa Mwingi, Kaunti ya Kitui, hubadilika. Kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, turubai hufungwa kwa kamba kwenye nguzo nne, mizani huning'inizwa, magunia hufunguliwa midomo, na biashara imeanza. Hakuna gudwili ya kuingilia dukani, hakuna kodi ya kulipa mapema. Baada ya wiki chache mwenye kibanda anajua kama wateja wake ni wa kilo au wa kopo la gorogoro, na kama asali inatoka haraka kuliko ndengu. Ndipo afikirie duka.

Naunga mkono njia hiyo kwa moyo wote. Mtaji mdogo haufai kumezwa na kodi kabla bidhaa hazijauzwa. Lakini vibanda hivi husimama kwenye hifadhi ya barabara kuu, iliyo chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu nchini Kenya, na tingatinga lake likija halibagui. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti masoko na leseni za biashara. Basi Kaunti ya Kitui iwatengee wachuuzi hawa uwanja wenye choo, maji na taa, na leseni ya msimu badala ya mwaka mzima. Na uwanja huo uwe karibu na mahali abiria wanaposhuka. Wakipelekwa mbali, watarudi barabarani kesho yake.