Deni la Uyole



Ninyi msafirio kati ya Mbeya na Iringa mnaifahamu Uyole, mahali ambapo njia ya Tukuyu na Kyela huachana na barabara kuu. Basi halijasimama vizuri, tayari madirisha yamezingirwa na akina mama na vijana wenye ndoo na masinia ya maparachichi, ndizi na mapasheni. Mengi huletwa kutoka Rungwe, kwenye udongo wa volkano na mvua nyingi. Ndivyo ilivyo pia Ilula, mkoani Iringa, kwa nyanya na vitunguu.

Abiria hunyosha mkono, na kabla ya kuuliza bei, huminya. Parachichi, ndugu zangu, haliivi likiwa mtini; huiva baada ya kuchumwa, na siku zake ni chache. Kidole gumba kikilibonyeza huacha doa lisiloonekana kwa nje, ambalo baadaye huwa jeusi ndani. Watu kumi huminya, mmoja hununua. Jioni yule mama hubaki na ndoo ya matunda yaliyo mazima kwa sura tu. Nani atamfidia? Aliyeminya amekwisha kupita Chimala.

Sisemi kwamba wauzaji ni watakatifu. Wapo wapangao makubwa juu na mabovu chini, na nabii Amosi alikwisha kuwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo. Lakini mnunuzi naye ana lumbesa yake: gunia linalorundikwa kupita mdomo wake, na mkulima akalipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo hairuhusu jambo hilo.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, limo agizo dogo ambalo hatulisomi mara nyingi. Mtu aingiaye katika shamba la mizabibu la jirani yake anaruhusiwa kula zabibu hadi ashibe, ila asitie hata moja katika chombo chake. Mungu aliiona njaa ya mpita njia, akaliona pia jasho la mwenye shamba.

Nami ninalo la kuungama. Safari moja nilikuwa naelekea Iringa kwa mafungo, nimevaa kola yangu ya upadre. Pale Uyole nilimwita msichana mmoja, nikapunguza bei mara tatu, naye akanipa maparachichi sita dirishani. Nilipokuwa nikitafuta fedha mfukoni, basi likaondoka. Alikimbia kando yetu hadi kandambili yake moja ikachomoka. Nikamwita kondakta, akacheka, akasema, "Baba, hiyo ni baraka, umepata bure." Abiria wakacheka. Nami, na hili ndilo liniumalo, nikatabasamu. Tulipofika Makambako nilikuwa nimekwisha kula moja.

Baada ya siku tisa nilirudi, nikashuka na kuanza kuuliza. Mama mmoja mwenye sinia la ndizi alinitazama kwa muda. "Wa siku hiyo ni yupi, Baba? Mabasi hutuondokea kila siku." Nikataka kumwachia yeye fedha zile. Akazikataa. "Hizi si zangu," akasema. "Mtafute mwenyewe."

Tangu hapo, kila nipitapo Uyole, hushuka na kuwatazama wale wasichana usoni. Sijampata bado. Fedha zake zimo ndani ya kitabu changu cha sala.