Maji Yanayouma

Wasikilizaji wa Wundanyi, katika baridi yenu ya Julai, hamhitaji kuelezwa na mtu yeyote faida ya maji ya moto. Maneno yangu ya leo, hata hivyo, si ya milimani. Ni ya Marungu, nchi ya jua na vumbi jekundu, ambako mtu akifungua bomba saa nane za mchana hukuta maji yamekwisha kupashwa na jua ndani ya mpira, hata akaona ni upuuzi kutoa fedha zake kununua chombo cha kuyapasha tena.

Mjomba wangu aliona hivyo kwa miaka mingi. Lakini mkaza mjomba ameshikwa na maradhi ya magoti, na Marungu, pamoja na hari yake yote ya mchana, ina alfajiri za Juni na Julai ambazo hazina huruma kwa mifupa ya wazee. Na madhali kuni zimekuwa adimu na makaa ni ghali, mjomba alikwenda Voi akanunua kile kifaa cha plastiki, kisichozidi bakuli la wali kwa ukubwa, kinachofungwa bafuni juu ya kichwa cha mwogaji na kuyatia moto maji yapitapo, pasipo tangi la maji ya moto wala kungoja. Wauzaji hukiita instanti shawa, na wengine hukiita Lorenzetti hata kikiwa cha kampuni nyingine, kwa jina la kiwanda cha São Paulo kilichoasisiwa mwaka 1923, kwani Brazil ndiyo nchi iliyozieneza shawa za namna hii. Sultani Sayyid Barghash, alipojenga bafu za Hamamni kule Unguja, alihitaji tanuri, kuni na watumishi. Mjomba alidhani yeye atahitaji bisibisi tu.

Kumbe alikuwa amemleta mkaguzi nyumbani. Kila lililofichwa ukutani na mafundi wa zamani, na kila ambalo mwenye nyumba amelifumbia macho kwa kuwa taa zinawaka na bomba linatiririka, shawa hii hulifichua katika wiki ya kwanza.

Ilianza na waya. Kifaa cha wati 5,500, katika umeme wetu wa volti 240, huvuta takriban ampea 23, ilhali soketi ya kawaida imeundwa kwa ampea 13, na waya wa taa ni mwembamba zaidi ya huo wa soketi. Fundi wa kwanza, ambaye sitamtaja, aliunga shawa katika waya wa taa za ukumbini kwa sababu ndio uliokuwa karibu, kisha ule waya wa ardhi, wa kijani na manjano, akaukata na kuuchomeka ndani ya ukuta kama mtu afichaye takataka chini ya mkeka. Siku ya tatu taa zikawa zinafifia kila bomba lifunguliwapo, na harufu ya plastiki inayoungua ikatanda ukumbini. Na mkaza mjomba, aliposhika koki ya chuma kwa mkono uliolowa, akahisi kitu mfano wa siafu. Nilipofika kuwatazama, kabla sijamaliza kumwamkia, aliniambia, "Marahaba mwanangu, lakini maji haya yanauma."

Nakiri nilicheka, kisha nikaona haya, maana lile jambo lingeweza kutuletea msiba.

Fundi wa pili, mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hakugusa shawa kwa saa nzima. Alivuta waya wa shawa peke yake, wa milimita mraba sita, kutoka kwenye boksi kuu hadi bafuni, akaupa breka yake ya ampea 32, akaongeza na ile breka nyingine inayokata umeme mara uvujapo, kisha swichi kubwa yenye taa nyekundu akaifunga nje ya mlango, mahali pasipofikiwa na mkono uliolowa maji. Fimbo ya shaba ya kuupeleka umeme ardhini ndiyo iliyomtoa jasho: udongo wa kwetu wakati wa kiangazi ni mkavu kama kigae, na ukavu huo haupitishi umeme vizuri, ikambidi aishindilie chini sana, akaunyunyizia maji ule udongo, akapima, akashindilia tena.

Yakaja maji yenyewe. Hapa, wasikilizaji, niruhusuni nitoe dukuduku langu, kwani ni adha ya zamani kwetu kwamba bomba la chemchemi za Mzima, lililojengwa katika miaka ya 1950 ili kuinywesha Mombasa, linapita katika ardhi yetu likibeba maji matamu yaliyochujwa na mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu, ilhali wengi wetu hutegemea visima vya maji ya chumvi. Na chumvi ni adui wa shawa ya kawaida, ambayo koili yake hukaa uchi ndani ya maji: maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi zaidi, nayo chokaa iliyomo hugandamana juu ya koili hata ikaungua. Ipo aina nyingine, ambayo koili imefungiwa ndani ya mrija wa chuma, na mwenye kisima hana budi kuiulizia hiyo, ijapokuwa bei yake ni kubwa. Mjomba alirudi Voi kuibadilisha.

Kisha tangi. Ndani ya shawa mna kiwambo cha mpira ambacho husukumwa na maji, na kisiposukumwa sawasawa umeme hauwaki; kwa hiyo tangi sharti liwe juu ya shawa kwa mita moja walau. La mjomba lilikuwa limekaa juu ya mawe matatu. Mnara ukajengwa, tena mnara wa nguvu, kwa kuwa ndovu hunusa maji kutoka mbali, na mwenye kujenga Marungu bila ya kuwahesabu ndovu hajui anapoishi.

Mwisho nilimfanyia mjomba hesabu. Maji yakipita lita tatu kwa dakika, wati 5,500 huyapandisha joto kwa nyuzi 26. Basi ya tangi, tuseme ni ya nyuzi 22 alfajiri, yatatoka yakiwa na 48, nayo yanakaribia ya kunyonyolea kuku. Wundanyi huenda wakaihitaji nguvu yote, lakini sisi kitufe cha kati chatutosha, na dakika kumi hazifiki hata uniti moja ya tokeni.

Mjomba alisikiliza, akaafiki, lakini swichi hamwachii mtu. Kila alfajiri husimama nje ya mlango wa bafu, taa nyekundu ikimwangaza usoni, akauliza, "Yanauma?" na mkaza mjomba humjibu kutoka ndani, "Hayaumi. Nenda kalale."