Tundu la Bolti Kwenye Shetri: Mazungumzo na Wavuvi Kabla ya Kusi



Kaskazi inakwisha na upepo wa kusi hauko mbali. Huu ndio wakati vyombo hupandishwa ufukoni, vikatiwa kalafati na kupakwa deheni, na wenyewe wakavifanyia marekebisho kwa mikono yao: kupachika mashine mahali palipokuwa pa tanga na kasia, kutengeneza sanduku la betri, kufunga taa za kuvulia dagaa. Halmashauri haina ugomvi na kazi hiyo. Mvuvi asiyejua kushika keekee na randa hadumu baharini. Mazungumzo haya yanahusu jambo moja dogo lenye madhara makubwa: tundu linalotobolewa kwenye ubao wa shetri, na bolti inayotiwa ndani yake.

Watu wa mwambao waliijua mapema hatari ya chuma. Mtepe, chombo cha kale cha pwani ya Afrika Mashariki, ulishonwa kwa kamba za makumbi pasipo misumari ya chuma. Ulivuja, hilo halina ubishi, lakini haukuoza kwa kutu.

Bolti ya chuma cha kawaida, ile inayouzwa kwa ajili ya milango na mapaa, ikikaa katika ubao ulioloa maji ya chumvi hushika kutu upande usioonekana. Kutu huvimba na kuupasua ubao, kisha huzila nyuzi za mti kandokando. Kwa nje kichwa cha bolti huonekana kizima, tena kimepakwa rangi. Ndani shina lake limekonda, na mti unaolizunguka umekuwa mweusi na laini hata ncha ya kisu huzama bila taabu. Mashine ya nguvu ya farasi 15 huzidi kilo 30, na inapokisukuma chombo nguvu yake yote hupitia ubao huo. Siku bahari ikichafuka na ubao ukaachia, hasara si mashine peke yake. Nahodha hubaki na pengo nyuma ya chombo chenye watu, maji yakiingia na mawimbi yakimgeuza ubavu.

Kwa hiyo kazi ianze kwa ukaguzi. Mvuvi augonge ubao wa shetri kwa nyundo ndogo: mti mzima hulia, uliooza hutoa sauti butu. Ukiwa na shaka ung'olewe. Kuongeza ubao mpya juu ya uliooza ni kuficha donda. Kisha atoboe tundu pana kuliko bolti, alijaze gundi ya epoksi, aiache ikauke, ndipo atoboe tena katikati yake kwa kipimo cha bolti. Hivyo maji hayagusi mti hata bolti ikilegea kidogo. Ndani na nje uwekwe ubao mgumu wa kutandaza uzito, pamoja na washa pana.

Bolti zilizochovywa zinki zinafaa. Zile za chuma kisichoshika kutu ni bora zaidi, ila jina lao linadanganya: zikikaa ndani ya mti uliolowana, pasipo hewa, nazo huliwa vishimo. Kinachoziokoa ni tundu lililozibwa vizuri. Aidha, shaba isikutanishwe na chuma wala na bati la alumini ndani ya maji ya chumvi, kwani metali iliyo dhaifu huliwa ili ile nyingine ipone. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa mashine huweka kipande cha zinki kwenye mguu wake, kiliwe chenyewe. Wako wanaokipaka rangi ili kipendeze. Zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi, na mguu wa mashine ndio utakaoliwa badala yake. Kikifika nusu, kibadilishwe.

Urefu nao una hesabu yake. Mashine za mguu mfupi hutengenezwa kwa shetri ya inchi 15 hivi, na za mguu mrefu kwa inchi 20. Bamba lililo juu ya pangaboi liwe sawa na chini ya chombo, au lishuke inchi moja. Likiwa juu mno pangaboi hunyonya hewa, mashine hupiga kelele bila kusukuma, na maji ya kuipoza hukatika. Skurubu za mkono hulegea kwa mtikisiko, hivyo mashine ifungwe pia kwa kamba imara kwenye taruma.

Kuhusu taa za usiku maneno ni machache. Betri ikae ndani ya sanduku lenye matundu ya hewa, ifungwe isiteleze, iwe mbali na madumu ya petroli. Maji ya bahari yakichanganyika na tindikali yake hutoa hewa ya klorini, ambayo ni sumu. Taa ya wati 60 kwenye betri ya volti 12 hula ampea 5. Fyuzi ya ampea 7 na nusu iwekwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Waya usio na fyuzi ukichubuka huwaka moto, na baharini hakuna pa kukimbilia.

Mwenye chombo aliyebadilisha mashine au umbo la shetri amweleze afisa uvuvi wa kata, ili kumbukumbu za usajili zilingane na chombo chenyewe. Wanaotafuta chombo kilichopotea huanza na maelezo hayo.

Jaribio la kwanza lifanyike karibu na ufuko, maji yakiwa yametulia, kila aliyemo amevaa jaketi la kuokolea maisha na kamba ya kuzimia mashine imefungwa mkononi mwa nahodha. Chombo kikirudi, nati zote zikazwe upya, kwa kuwa mti huminyika chini ya washa.