Sikukuu Ugenini
Jumapili ya Familia Takatifu, Mwaka A





Injili ya Jumapili hii, iliyoandikwa na Mathayo katika sura ya pili, inatueleza jinsi Yosefu alivyoamka usiku, akamchukua Mtoto na Mama yake, akakimbilia Misri. Wakakaa huko mpaka Herode alipokufa. Mwinjili hatuambii walikaa nyumba gani, wala walikula nini, wala majirani zao walikuwa akina nani. Lakini tunajua kwamba Yosefu alikuwa mtu wa haki, mshika sheria ya Mungu. Mtu wa namna hiyo, Pasaka ikimkuta ugenini, haiachi ipite kama siku nyingine. Sasa fikirini, ndugu zangu. Pasaka ya Wayahudi ni ukumbusho wa kutoka Misri. Nayo ikiwakuta Misri, Yosefu na Maria wangemshukuru Mungu kwa kuwatoa babu zao katika nchi ileile waliyokuwa wamejificha wao. Majirani wangewatazama kwa mshangao. Wageni hawa wanafurahia nini, nao wako Misri?

Hapo ndipo ninapotaka tutafakari asubuhi hii: sikukuu ya mtu aliye mbali na kwao. Nami nawafikiria hasa wamisionari, waume kwa wake, walioacha nchi zao kwa ajili ya Injili, na ambao Noeli imewakuta miongoni mwetu.

Nchi yetu hii inawajua watu hao tangu zamani. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu wamezoea kuwaita Mababa Weupe, ulitoka Bagamoyo kuelekea bara. Walikuwa kumi. Mmoja wao, Padre Pascal, alifariki njiani huko Ugogo mwezi Agosti. Walipofika Tabora waligawanyika: wengine wakaenda upande wa Ziwa Tanganyika, na wengine watano, wakiongozwa na Padre Livinhac, wakashika njia ya kaskazini, wakikatiza nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma. Walifika ukingo wa Ziwa Nyanza mwisho wa Desemba. Maana yake ni kwamba Noeli yao ya kwanza katika nchi hii iliwakuta safarini, bila kanisa, bila kengele, bila Mkristo mwenyeji hata mmoja wa kuwaitikia Amina. Miaka mitano baadaye, yaani 1883, misioni ya Bukumbi ilianzishwa. Na mwaka 1891 ikaanzishwa ile ya Ushirombo, ambayo watu wa Kahama na Geita wanaijua vizuri.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika hilo mwaka 1868, aliwapa wanawe maagizo mawili yanayotuhusu leo. La kwanza: waseme lugha ya watu waliotumwa kwao, wale chakula chao, na wavae kama wao. La pili: wasikae katika misioni moja wakiwa chini ya watatu. Yatazameni maagizo hayo kwa pamoja. Mwanzilishi alijua kwamba mtu akitumwa mbali anapaswa kuwa mmoja na wenyeji wake. Lakini alijua pia kwamba mtu huyo ana moyo wa nyama, na upweke unaweza kumwangusha kuliko homa.

Na upweke huo, wapendwa, hauji sana siku za kazi. Siku ya kazi kuna wagonjwa wa kutembelea, kuna mafundisho ya wakatekumeni, kuna baiskeli au gari lililokwama matopeni. Huja siku ya sikukuu. Huja saa ile ambapo Misa imekwisha, watu wamesalimiana, watoto wamekimbia na nguo zao mpya, na kila familia imeelekea nyumbani kwake. Mmisionari anafunga mlango wa kanisa, anarudi chumbani. Zamani barua ya mama yake ilichukua miezi kufika. Siku hizi simu ya mkononi inamletea sauti yake papo hapo. Lakini sauti hiyo ikikatika, kimya kinachobaki huwa kizito zaidi. Na wapo ambao mwaka huu hawana tena mama wa kumpigia, kwa sababu alizikwa nao wakiwa huku.

Basi mmisionari afanyeje na sikukuu yake? Kuna vishawishi viwili.

Kishawishi cha kwanza ni kuihamisha sikukuu ya kwao jinsi ilivyo. Aliyezaliwa katika nchi za baridi ameijua Noeli kama sikukuu ya theluji na usiku mrefu, ya moto wa jikoni na ghala lililojaa mavuno. Anatafuta tawi la mti, analibandika pamba iwe mfano wa theluji. Si dhambi, ni kumbukumbu ya utoto. Lakini hapa Kagongwa, Desemba ni mwezi wa jembe. Mvua zimeanza, mahindi yanapaliliwa, majaruba yanaandaliwa kwa ajili ya mpunga. Ghala limepungua, na michembe inahesabiwa. Mkulima anayekuja Misa ya Noeli ameacha shamba lake siku moja kwa taabu, na kesho yake alfajiri anarudi. Mmisionari asipoliona hilo, atashangaa kwa nini sadaka ni ndogo na shangwe ni fupi, atafikiri imani yao ni baridi. Kumbe hao ndio walio karibu zaidi na wachungaji wa Bethlehemu, ambao habari njema iliwakuta kazini.

Kishawishi cha pili ni kuiacha sikukuu kabisa. Mtu anajiambia kwamba ameacha yote, hivyo hana haja ya furaha tena. Anaadhimisha Misa katika vigango vitatu, anarudi amechoka, analala. Huo unaonekana kuwa utakatifu, lakini kumbukeni Nabii Yeremia alivyowaandikia Wayahudi waliopelekwa Babeli. Aliwaagiza wajenge nyumba na kukaa humo, wapande bustani, waoe na kuoza, na kuuombea heri mji waliohamishiwa. Mungu hakutaka wakae ugenini kama watu wanaosubiri tu siku ipite.

Ipo njia ya tatu, nayo imepitwa na watu hapa kwetu. Wengi mmekwisha kusikia habari za Bujora, karibu na Mwanza, na za Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka. Yeye aliona kwamba Wasukuma wana majira yao ya furaha, nayo ni baada ya mavuno, wakati jembe limepumzika na ngoma za Bagika na Bagalu zinashindana kuvuta watu. Aliona pia kwamba Kanisa lina sikukuu inayoangukia karibu na majira hayo, nayo ni ya Mwili na Damu ya Kristo, ambapo Ekaristi hupitishwa kwa maandamano na njia hupambwa maua. Vitu hivyo viwili vikakutanishwa. Hivyo ikakua sikukuu ya Bulabo, neno ambalo kwa Kisukuma maana yake ni maua. Baada ya Sakramenti kuheshimiwa, ngoma hupigwa na watu hucheza.

Hapo mmisionari hakupoteza sikukuu yake, wala hakuwanyang'anya wenyeji yao. Alileta Ekaristi, ambayo si mali ya Kanada wala ya Ulaya. Akaikuta shukrani ya mavuno, ambayo Mungu alikuwa ameipanda katika nchi hii kabla yeye hajafika.

Lakini, ndugu waamini, nisiseme na mmisionari peke yake. Mtu hawezi kusherehekea ugenini kama wenyeji hawamfungulii mlango. Kagongwa yetu ni njia panda. Malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanapita hapa mchana na usiku. Wafanyabiashara wa mchele wanatoka mikoa ya mbali kufuata mashine zetu za kukoboa. Vijana wamekuja kutoka kila upande kutafuta dhahabu huko Bulyanhulu na Geita. Na wengine walibaki bila kazi mgodi wa Buzwagi ulipofungwa mwaka 2021. Tumezoea kuona wageni, na hatari ya mazoea hayo ni kwamba hatuwaoni tena.

Kwa habari ya padre au sista mgeni, tuna kisingizio chetu. Tunasema: yeye ana wenzake, chakula chetu hakiwezi, nyumba yetu haifai. Tunampelekea kuku parokiani, tunaona wajibu umetimizwa. Kuku ni zawadi njema. Lakini mtu anayekula kuku wa zawadi peke yake bado anakula peke yake. Anachokosa ni mkeka wa kuketi pamoja nanyi, mtoto wa kumcheka anapokosea Kisukuma, na mzee wa kumweleza jinsi Noeli ilivyokuwa hapa zamani. Wahenga wamesema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine hudhani methali hii ni ya kumfukuza mgeni. Mimi naiona kuwa ya kumheshimu, kwa sababu anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani.

Kwa hiyo nawaombeni nyinyi viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo: jumuiya zipangeni zamu, ili siku ya Noeli, ya Pasaka na ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, mmisionari aliye kwenu asile peke yake. Msiandae makubwa. Ugali na mboga mnazokula nyinyi vinatosha, hata kama ni mwezi wa njaa. Tena hasa ukiwa mwezi wa njaa, maana hapo atajua kwamba amekaribishwa katika maisha yenu yenyewe. Nanyi makatekista, ninyi ndio mnaomjua mtu aliyehamia juzi na ambaye hana jamaa: mwalimu mpya, dereva ambaye gari lake limeharibika, kijana wa machimboni. Mtajeni jina lake baada ya ibada, ili mmoja aseme, huyu leo ni wa kwangu.

Tena tukumbuke kwamba jambo hili sasa linatuhusu kwa upande wa pili. Papa Paulo wa Sita alipofika Kampala mwaka 1969 aliwaambia Waafrika kwamba sasa wao ndio wamisionari kwao wenyewe. Tangu hapo watoto wa nchi hii nao wametumwa. Wapo mapadre, mabruda na masista Watanzania wanaofanya utume katika nchi nyingine za Afrika, Ulaya na Amerika. Leo hii yuko binti wa mkulima aliyeamka katika baridi ya Desemba, akatazama dirishani, akaona theluji ile ambayo wenzake hapa waliiiga kwa pamba, naye akatamani michembe ya mama yake. Wewe mzazi unayenisikiliza, unaomba moyoni kwamba mtu fulani huko amkaribishe. Ombi lako ni jema. Basi jua kwamba yuko mama mwingine, mbali sana, anayemwomba Mungu jambo hilohilo kwa ajili ya mwanawe aliye Kagongwa. Na jibu la sala yake ni wewe.

Yesu mwenyewe alianza maisha yake akiwa mgeni: Bethlehemu hakupata nafasi, na Misri alikuwa mkimbizi. Baadaye alitufundisha kwamba siku ya mwisho tutaulizwa kama tulimkaribisha alipokuwa mgeni. Hatutaulizwa kama nyumba yetu ilikuwa nzuri.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyemlinda Mwanao katika nchi ya ugeni kwa mikono ya Yosefu na Maria, uwalinde wamisionari wote ambao Noeli hii imewakuta mbali na kwao. Uwape furaha katika watu uliowatuma kwao, nasi utupe mioyo ya kuwafungulia milango. Uwafariji wazazi wao, na utukutanishe sote katika karamu yako isiyo na mgeni. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.